Njia ya Mkato ya Öxi: Gari la Kukodi Lililoishia Mtaroni

Mwisho wa Septemba, mke na mume kutoka nchi inayoendesha kushoto walitua uwanja wa ndege wa Keflavík, Iceland, ambako watu huendesha kulia, alfajiri, baada ya usiku mzima angani. Wakachukua gari dogo la kukodi, wakalala kijiji cha Vík, kusini, usiku wa kwanza. Kesho yake jioni, saa moja na dakika chache, gari lao liliacha barabara namba 939, njia ya changarawe inayopanda pito la mlimani la Öxi huko mashariki, likalala ubavu mtaroni. Mikanda iliwashika. Mume alivunjika mtulinga, mke akatoka na michubuko, na gari likawa la kuvutwa. Wawili hawa ni wa kubuni; nimewaunda kutokana na makosa ya kawaida ya wageni wanaoendesha huko. Barabara, umbali na sheria nitakazozitaja si vya kubuni.

Ukimuuliza mtu kilichosababisha ajali ya namna hii, jibu la kwanza huwa ni mwendo. Hapa jibu hilo halisimami. Nje ya miji, sheria ya Iceland inaruhusu kilomita 90 kwa saa kwenye lami na 80 kwenye changarawe. Dereva wetu alikuwa kwenye 60. Hakuwa amelewa, hakushika simu, na breki na matairi yalikuwa mazima. Kwa maoni yangu ajali ile ilianza siku moja kabla, kwenye kaunta ya ofisi ya magari, ikakuzwa na ratiba ya safari, na pale Öxi ilikuja kumalizikia tu.

Kaunta

Mtu aliyekesha kwenye ndege hasomi mkataba. Anatafuta mahali pa kutia sahihi. Karani alimuuliza mume maswali matatu au manne ya kawaida, na mawili kati ya majibu yake ndiyo yaliyobeba uzito wa kisa hiki.

La kwanza lilihusu dereva wa pili. Mke ana leseni, na kwao huendesha kuliko mumewe. Kumwandikisha kungeongeza ada kidogo kwa kila siku, wakaona ni kupoteza pesa: safari ni fupi, mtu mmoja anatosha. Kuanzia hapo mke hakuwa na ruhusa ya kushika usukani. Asiyeandikwa kwenye mkataba akiendesha, bima ya gari haimtambui, na hasara yote inawaangukia wao. Zipo kampuni zinazomwandika mwenzi bila malipo, lakini ni lazima aandikwe. Akiba ile ndogo ilimfunga mume kwenye kiti cha dereva kwa safari yote ya siku ya pili, na alipochoka hakukuwa na wa kumpokea.

La pili lilihusu barabara za F. Iceland ina njia za nyanda za juu ambazo namba yake hutanguliwa na herufi F, na huko haziruhusiwi isipokuwa gari za 4x4. Karani alilisisitiza hilo mara mbili, na alifanya vizuri. Tatizo ni kile ambacho mteja alikielewa. Alitoka pale akiamini kwamba barabara isiyo na F ni barabara ya kawaida, na namba 939 haina F. Gari dogo linaruhusiwa kabisa kupita Öxi. Mkataba haukuvunjwa, sheria haikuvunjwa, lakini ruhusa ya kupita haikuwa na maana kwamba njia ile inamfaa mgeni wa siku mbili wakati giza linaingia.

Bima nitaigusa kwa haraka. Orodha ya kinga za ziada huko ni ndefu kuliko mgeni anavyotarajia: kinga ya kioo na rangi dhidi ya kokoto, kinga ya mchanga na majivu ya volkano. Na yapo mambo ambayo mikataba mingi haiyalipii hata ukinunua kila kitu, kama vile kuvuka mto, uharibifu wa chini ya gari, na mlango uliong'olewa na upepo. Hilo la mlango huwachekesha watu wanapolisikia mara ya kwanza. Upepo wa kusini mwa Iceland unaweza kuunyakua mlango mkononi na kuukunja mpaka ugonge bodi, kwa hiyo wenyeji huegesha gari likielekea upepo na kufungua mlango kwa mikono miwili.

Kuna jambo jingine ambalo karani hakulitaja. Taa za mbele lazima ziwake saa zote Iceland, mchana na usiku. Gari nyingi mpya huwasha zenyewe taa ndogo za mchana za mbele, na dereva akiona mwanga anadhani amemaliza, kumbe nyuma ni giza tupu. Kwenye ukungu, anayekuja nyuma hakuoni. Swichi ya taa yao ilibaki pale ilipokuwa kwa siku zote mbili.

Ratiba

Siku ya pili walipanga kutoka Vík hadi Egilsstaðir, mji wa mashariki. Kwa barabara namba 1, ile inayoizunguka nchi nzima, huo ni mwendo wa zaidi ya kilomita 500. Mume aliligawa hilo kwa 90, akapata chini ya saa sita. Wakitoka saa nne asubuhi, alisema, wana saa tatu za kupumzika na bado watafika kabla ya giza.

Hesabu hiyo ina kasoro ambayo haionekani kwenye karatasi. Inachukulia kwamba kikomo cha mwendo ni wastani wa mwendo. Kwenye barabara hii huwezi kupata wastani wa 90 bila kwenda 110 sehemu kubwa ya njia. Ni barabara ya njia mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi, imeinuliwa juu ya uwanda na kwa sehemu nyingi haina ukingo wa maana wa kusimama. Kusini mashariki yamebaki madaraja ya njia moja, ambako kibao cha Einbreið brú kinakutaka upunguze mwendo, utazame ng'ambo, na umwache apite aliyelikaribia kwanza. Desemba 27, 2018, gari lililobeba watalii lilivunja ukingo wa daraja la njia moja la zamani la Núpsvötn, kati ya Kirkjubæjarklaustur na Skaftafell, likaanguka, na watu watatu wakafa. Siku hizi hapo kuna daraja jipya la njia mbili, na wageni hupita bila kujua. Halafu wapo kondoo. Wakati wa kiangazi huachwa huru, nao hukusanywa mwezi huo wa Septemba. Ukimwona kondoo upande mmoja na mwanawe upande wa pili, mdogo atakatiza barabara kumfuata mama, na atafanya hivyo dakika ya mwisho.

Tena hakuna anayepita sehemu hiyo bila kusimama. Walitembea kwenda kuona maporomoko ya Svartifoss pale Skaftafell, na matembezi hayo peke yake yakala karibu saa mbili. Wakasimama Jökulsárlón, ziwa lenye vipande vya barafu vinavyoelea, saa nzima. Siwalaumu. Mtu haendi hadi kule akapite ziwa lile kama anapita kituo cha basi. Lakini kila kituo kilikuwa kimeingizwa kwenye ratiba kama dakika ishirini. Walipofika mji mdogo wa Höfn ilikuwa saa kumi na moja jioni, na mbele yao bado kuna karibu kilomita 250 za kufuata mikunjo ya fiyodi, yaani ghuba ndefu nyembamba za bahari zinazoingia kati ya milima. Chumba kilikuwa kimelipiwa Egilsstaðir, bila kurudishiwa pesa.

Hapo Höfn ndipo penye uamuzi mzito kuliko ule uliofanywa baadaye mlimani. Kulala pale kungewagharimu chumba kimoja. Lakini mtu aliyechoka hapimi vizuri uchovu wake mwenyewe, na pesa iliyokwisha lipwa ina sauti kubwa kuliko macho yanayowasha. Walikula upesi wakaondoka.

Njia panda ya Berufjörður

Ukiacha kijiji cha Djúpivogur na kuingia ndani ya fiyodi ya Berufjörður, unafika mahali ambapo barabara namba 1 inaendelea kuifuata bahari, lami tupu, ikapita hadi kwenye handaki la Fáskrúðsfjörður na kutokea Reyðarfjörður. Upande wa kushoto kuna njia nyembamba inayopanda mlima. Hiyo ndiyo 939. Inapunguza safari ya Egilsstaðir kwa zaidi ya kilomita 60, na ramani ya simu, ambayo kazi yake ni kutafuta njia fupi, iliipendekeza bila maelezo.

Ramani ilijua urefu. Haikueleza kwamba njia hii ni ya changarawe, kwamba inapanda zaidi ya mita 500 kwa mwinuko mkali, kwamba kona zake nyingi hazina kizuizi upande wa bonde, na kwamba wingu huteremka juu yake hata siku ambayo pwani kuna jua. Haya yote yanapatikana. Idara ya barabara ya Iceland, Vegagerðin, inaonyesha hali ya kila barabara kwenye tovuti ya umferdin.is, pamoja na aina ya uso wake, na idara ya hali ya hewa ina vedur.is. Mke ndiye aliyeshika simu. Angeweza kuangalia kwa dakika mbili. Alichofanya ni kusoma muda wa kufika, ambao ulikuwa umepungua kwa kiasi cha kufurahisha, na kusema, "Hii inatuokolea karibu saa nzima." Mume akawasha indiketa.

Pale lami inapokoma kuna kibao, Malbik endar. Ukikiona, jambo la kufanya ni kupunguza mwendo kabla ya kukifikia, kwa sababu tairi linalotoka kwenye lami na kuingia kwenye kokoto hupoteza sehemu kubwa ya mshiko wake mara moja. Dereva alipunguza hadi 60. Kwenye lami 60 ni mwendo wa mtu mwangalifu. Kwenye changarawe yenye mawe yaliyolegea, kona kali na mwanga unaofifia, ile 80 ya sheria si ushauri wa mtu yeyote, na hata 60 ni nyingi. Mimi ningesema 40, na kwenye kona pungufu ya hapo.

Sasa tufike kwenye sekunde zenyewe.

Mbele kulikuwa na mgongo wa barabara usioonyesha kilicho upande wa pili. Wenyeji huuwekea kibao cha Blindhæð, na kanuni yake ni kubana kulia na kupunguza mwendo, kwa sababu anayekuja hakuoni na wewe humwoni. Juu yake likatokea gari kubwa la watalii, lile lenye vitanda ndani, likiwa katikati ya njia. Dereva wetu akabana kulia. Hiyo ilikuwa sahihi. Kilichofuata hakikuwa bahati mbaya tu.

Mtu aliyezoea usukani wa kulia amejifunza kwa miaka mwili wake ukae wapi ndani ya njia. Hapimi gari, anapima mwili wake, na gari lote limetandazwa upande wake wa kushoto. Mhamishie kwenye kiti cha kushoto, na mwili utaendelea kutafuta mahali pale pale palipozoeleka, ila sasa gari zima liko kuliani mwake. Matokeo yake ni kwamba magurudumu ya kulia hukaa pembeni mno bila yeye kujua. Tangu Keflavík gari hili lilikuwa likisogelea ukingo wa kulia. Mke alikwisha lalamika mara mbili kwamba anaona mtaro chini ya dirisha lake, na mume akamjibu kwamba ni woga wa abiria. Kwenye lami pana kosa hilo halikuonekana. Kwenye 939, alipobana kulia kumpisha mwenzake, gurudumu la mbele la kulia lilikuwa limebakiza nafasi ndogo mno, likaangukia kwenye ukingo laini ambao haujashindiliwa.

Gari likavutwa kulia, kuelekea bondeni. Mikono ikafanya kile ambacho mikono hufanya. Akavuta usukani kushoto kwa nguvu na kukanyaga breki kwa pamoja.

Hilo la breki linahitaji maelezo, maana wengi wanaamini breki za ABS zinatibu kila kitu. ABS huzuia gurudumu lisijifunge, ili usukani uendelee kufanya kazi. Kwenye changarawe iliyolegea, gurudumu lililojifunga hukusanya rundo la kokoto mbele yake na rundo hilo husaidia kusimamisha gari. ABS hulinyima gurudumu rundo hilo, kwa hiyo umbali wa kusimama huongezeka. Anayekanyaga akitarajia gari lisimame kama kwenye lami anashangaa kuona linaendelea. Kwa mwendo wa 60, gari hupita karibu mita 17 kila sekunde.

Na la usukani ni baya zaidi. Gurudumu lililo kwenye ukingo laini likiwa limekatwa kushoto sana halifanyi kitu kwa muda mfupi, kisha linapopanda tena kwenye njia ngumu linashika ghafla, na gari zima linarushwa upande wa kushoto. Lile gari la vitanda lilikuwa limekwisha pita, na hiyo ndiyo bahati yao pekee jioni ile. Gari dogo lilikatiza njia likienda mshazari, likagonga ukuta wa udongo upande wa mlima, likaingia mtaroni na kulala ubavu. Lingerushwa upande wa pili, uchambuzi huu ungekuwa wa namna nyingine.

Alichotakiwa kufanya kinaonekana kidogo sana kwa jinsi hali ilivyo ya kutisha: kuachia mafuta, kushika usukani imara bila kuuzungusha, kuacha gari lipungue lenyewe gurudumu likiwa bado chini, kisha kulirudisha taratibu. Si jambo linalogunduliwa na mtu aliyechoka ndani ya nusu sekunde. Ndiyo maana siwezi kumhesabia kosa kubwa pale. Mtu ambaye ameamka mapema, ameendesha siku nzima peke yake upande asiouzoea, kwenye mwanga wa machweo, mikono yake itafanya la kwanza linalokuja.

Baada ya gari kutulia

Hapa walifanya vizuri. Walizima injini, wakatoka kupitia mlango wa juu, wakavaa makoti yote waliyokuwa nayo na kusogea mbali na barabara, upande wa mlima. Wakapiga 112, namba ya dharura ya nchi nzima. Iceland ina programu ya simu ya 112 inayotuma mahali ulipo, na mke alikuwa nayo kwa sababu aliipakua akiwa bado uwanja wa ndege, jambo pekee la maandalizi lililofanyika asubuhi ile ya kwanza. Nchi hii yenye watu wachache hutegemea sana vikosi vya uokoaji vya kujitolea, vilivyo chini ya chama cha Landsbjörg. Watu hao ni walimu, mafundi na wavuvi wanaoacha chakula mezani kuja kumtoa mgeni mtaroni.

Kosa moja dogo lilitendeka baadaye. Mume, kwa aibu, alimwambia mtu wa kampuni ya magari kwamba "breki hazikufanya kazi." Sentensi kama hiyo husababisha gari kukaguliwa, breki kukutwa nzima, na maelezo mengine yote ya mteja kutiliwa shaka. Kama angesimulia kilichotokea jinsi kilivyotokea, akapiga picha za alama za magurudumu kabla ya gari kuvutwa, dai lake lingekuwa jepesi. Bima ya msingi hulipa ajali ya kawaida juu ya kiasi ambacho mteja anabeba mwenyewe. Kwao kiasi hicho kilikuwa kikubwa, kwa kuwa walichagua daraja la chini kabisa la kinga.

Höfn, saa kumi na moja jioni

Watakaosoma kisa hiki wakihitimisha kwamba 939 ni njia ya kuogopwa watakuwa wamekikuza mno. Mchana, hali ya hewa ikiwa nzuri, kwa mtu aliyelala vizuri na anayekwenda polepole, Öxi ni njia ya kupendeza na wenyeji huitumia. Upo hata mpango wa siku nyingi wa kujenga hapo barabara mpya. Kilichowaponza ni kuipita mwisho wa siku ambayo haikubakiza nafasi ya kukosea hata mara moja.

Kama ningekuwa na uwezo wa kubadilisha jambo moja tu, nisingegusa usukani wala breki. Ningechagua kati ya mawili: jina la mke kwenye mkataba, au chumba cha Höfn. Nimeyapima, na ninaegemea la kwanza, ingawa najua wengi watachagua la pili. Chumba cha Höfn kinaondoa hatari ya siku ile moja. Jina la pili kwenye mkataba linabadilisha safari nzima, kwa kuwa abiria mwenye haki ya kusema "nipishe sasa niendeshe" ana sauti ambayo abiria wa kawaida hana. Mke aliona mtaro chini ya dirisha lake tangu asubuhi. Angekuwa dereva wa pili, asingeambiwa kwamba ni woga wa abiria. Na yeye mwenyewe, akishika usukani baada ya Skaftafell, angegundua ndani ya dakika tano kwamba gari linataka kulala kulia, na wangeongea juu ya jambo hilo kabla ya kufika mahali ambapo sentimita thelathini zina thamani.